Reli ya Kupita Mlangoni

Dada yangu ananiita Kiguu na Njia, na sina cha kubisha. Nimelala kwenye mabenchi ya stesheni, juu ya maturubai ya malori, kwenye vyumba vya kupanga ambavyo choo chake kilikuwa kwa jirani. Shule nilisoma vipande vipande, kila darasa na mji wake, ndiyo maana hesabu za kugawanya zilinipita: nilihama zilipoanza huku, nikafika kule wameshazimaliza. Safari hii nilikuja kwa dada kupumzisha goti. Nikasema nakaa kidogo tu. Goti likapona, nami sikumwambia mtu.

Shida yangu ndiyo hiyo, na bora niiseme mapema ili tusizungushane. Nilitaka kubaki. Lakini mtu aliyezoea kuaga hajui kuomba kubaki. Maneno yenyewe hana. Kila nikifungua mdomo nimwambie dada naomba nikae hapa moja kwa moja, yanatoka mengine: "Nikipata lori zuri, wiki ijayo naondoka zangu." Naye dada, ambaye ni mdogo wangu kwa kuzaliwa na mkubwa wangu kwa ukali, fundi cherehani mwenye mdomo unaokata kuliko mkasi wake, anajibu bila kuinua macho kwenye kitambaa:

"Haya kaka. Msalimie dereva."

Nilipewa chumba cha nyuma. Chumba chembamba, kitanda kimebanwa ukutani, dirisha linatazama kamba ya kuanikia nguo, mlango unafungukia nje, ukumbini. Begi langu lilikaa chini ya kitanda, zipu imefungwa, kama mbwa anayesubiri kutolewa matembezi.

Mume wa dada, shemeji yangu, alikuwa stesheni masta. Mtaa mzima wanamwita Masta mpaka leo. Amestaafu yeye, stesheni haijastaafu. Chai ikichelewa anasimama ukumbini, mikono nyuma, anatangaza kwa sauti ya puani: "Abiria wanaosubiri chai wanaombwa radhi. Sababu za kuchelewa hazijajulikana." Na dada anajibu kutoka jikoni: "Sababu zinajulikana, abiria hajaleta maji."

Basi likaja kasha. Binti yao anayefanya kazi ng'ambo alimtumia baba yake zawadi ya kustaafu: treni ndogo ya umeme. Kichwa cha treni chekundu, urefu wake kama kiganja changu, mabehewa manne marefu, fungu la reli za kuunganisha, na transfoma yenye kitufe cha kuzungusha, ukizungusha kuume treni inakwenda, ukizungusha kushoto inarudi. Masta alilifungua kasha lile taratibu kama anayefungua mdomo wa mgonjwa. Kisha akakaa chini sebuleni, mzee mzima na suruali ya pasi, akaunganisha reli kuzunguka miguu ya meza.

Treni ikaenda. Ikaingia chini ya kochi, ikanyamaza kidogo, ikatokea upande wa pili inasukuma kitu mbele. Dada aliinama kukiokota. Ilikuwa kastabini yake, ile kofia ya kidole ya kushonea aliyoitafuta mpaka akamshuku mteja.

"Kumbe ina kazi," alisema, akaivaa.

Masta akaona hapo ndipo mlango umefunguka. "Fundi," akamwambia mkewe, "nimefikiria. Ile meza yako ya kukatia nguo..."

"Hapana."

"Sijamaliza kusema."

"Nami sijamaliza kukataa. Miaka yote uliyofanya kazi ya treni hukuwahi kunipandisha daraja la kwanza, leo umestaafu unataka kupandisha treni kwenye meza yangu?"

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Ningejua kinachofuata nisingecheka. Masta aligeuka akanitazama, halafu akatazama kwa mbali, kupita bega langu, kuelekea chumba cha nyuma.

"Kile chumba," alisema, "kikiwekwa meza kubwa, inatosha stesheni, daraja na njia ya kupishania. Meza ikae pale kilipo kitanda."

"Na kitanda?" nikauliza, sauti nimeilegeza kama mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka.

"Si unaondoka wiki ijayo?"

"Naondoka, ndiyo."

"Basi."

Dada alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Uzi ukakosa tundu, na yeye huwa hakosi.

Nilikaa na jambo hilo mchana wote, nalitafuna. Jioni nikamfuata Masta uani alikokuwa anapiga randa mguu wa stuli iliyovunjika.

"Shemeji," nikamwambia, "mimi si mtaalamu, lakini nimepanda treni nyingi. Sijaona hata moja inayozunguka mezani kama nzi kwenye glasi. Treni inatakiwa iende mahali."

"Iende wapi ndani ya nyumba?"

"Tuifunge ukutani. Ubao mwembamba, kimo cha kifua. Ianzie upande huu wa mlango, ipite chini ya dirisha, ipite juu ya kitanda, izunguke ukuta wote, imalizikie upande wa pili wa mlango. Hapo mtu amesafiri. Na mabehewa yako ni marefu, shemeji. Kwenye kona za meza yatatoa matako nje yagonge stesheni yako. Ukutani kona ni pana."

Hilo la matako lilimwingia. Alisimamisha randa. "Kona pana," alisema, kama anaonja.

"Na kitanda hakisumbuliwi," nikaongeza, nikajitia kutazama ndege.

Masta aliangalia mguu wa stuli, akanitazama mimi. "Kitanda hakisumbuliwi," alirudia. "Umekihurumia sana kitanda."

Tukaanza. Mguu ule wa stuli nao ulikuwa na kazi yake. Masta alinieleza kwamba kwenye reli ya njia moja, treni mbili zikikutana ana kwa ana hakuna wa kumpisha mwenziwe, kwa hiyo stesheni masta ana kijiti. Dereva akipewa kijiti mkononi, njia ni yake. Hana kijiti, hasogei, hata kama amebeba harusi ya mtoto wake mwenyewe. Akapaka mguu wa stuli rangi nyekundu, akautundika msumarini kando ya transfoma, karibu kabisa na mlango wa chumba. Mwenye kijiti ndiye anayegusa kitufe. Asiye na kijiti anatazama.

"Nikikikuta jikoni nakoleza nacho moto," dada alisema.

"Ni mali ya reli hiyo."

"Na jiko ni mali ya nani?"

Ubao tulikata wa plaiwudi, vipande virefu, tukavishikiza ukutani kwa vyuma vya pembe. Mimi nilitoboa ukuta, Masta alisimamia. Ni mtu wa kusimamia. Aliweka pima maji juu ya kila kipande, akalaza shavu kwenye ubao, jicho moja amelifumba, akasema, "Inua. Inua. Umezidisha. Shusha unywele." Chini ya reli aliweka tabaka la sponji dada alilolitoa kwenye mito ya zamani, ili sauti isiwe ya kokoto kwenye kopo. Reli za kasha hazikutosha, tukaagiza nyingine kwa binti, na tulipokuwa tunazisubiri tukajenga mji.

Masta alijenga stesheni yake aliyoiacha, kila kitu mahali pake. Kuta za kadi ya maboksi ya viatu, paa la bati la kopo la maziwa lililokunjwa mikunjo. Kulikuwa na benchi, ndoo ya mchanga wa kuzimia moto, na saa ya ukutani iliyosimama, kwa sababu ile ya kweli pia ilisimama na hakuna aliyekuja kuitengeneza. Alipoimaliza aliitazama muda mrefu, halafu akachukua kibiriti akaunguza kidogo pembe moja ya benchi.

"Mbona unaiharibu?"

"Kuna mlinzi aliwahi kuweka jiko hapo."

Mwisho wa reli, upande wa pili wa mlango, aliniachia mimi. "Huko ni kwako," alisema. "Huko mbali ndiko ulikozoea."

Nami hapo nikashindwa. Siku moja niliweka mashua ya ganda la karanga na maji ya karatasi ya buluu. Nikaitoa. Nikaweka ng'ombe watatu wa udongo. Nikawatoa wawili, mmoja nikamwacha. Nikajenga nyumba, nikaona madirisha yake yananitazama vibaya, nikaibomoa.

Masta anakuja na mikono nyuma. "Jana palikuwa bandari. Leo naona ng'ombe."

"Alikuja kunywa maji."

"Na bandari imekwenda wapi?"

"Mambo yanabadilika, shemeji."

"Kaka," dada alisema kutoka ukumbini, pini zimejaa mdomoni, "ni mtu gani mwenye ubao mzima mbele yake na hajui pa kushuka?"

Tukabishana pia juu ya mlima. Kwenye kona ya juu ya kitanda palikuwa patupu, na mimi nilitaka pawe na mlima wenye tundu la treni kupita. Masta akasema stesheni yake ilikuwa nchi tambarare, ukipanda juu ya ndoo unaona wiki ijayo. Mimi nikasema safari bila mlima ni kwenda dukani. Dada akatoa kitambaa cha kijani cha sare za shule, kilichobaki baada ya kukata, akasema kitafaa kwa majani, lakini mlima wenyewe ndani uwe na kitu cha kuushika, asije mtu akasema ameshona mlima ulionyauka. Kitu cha kuushika hatukukipata. Kitambaa kikakaa kimekunjwa juu ya ubao, na kona ikabaki tupu.

Jambo la mwisho tulilobishania lilikuwa kizuizi. Reli ikiisha, kwa kawaida inawekwa gogo la kuizuia treni isivuke. Masta alikuwa ameshachonga kidogo cha mbao, amekipaka mistari. Mimi nikakataa.

"Kizuizi kinaharibu sura ya safari," nikasema. "Mtu akitazama huko mwisho aone kwamba njia bado inaendelea."

"Inaendelea hewani."

"Aone hivyo tu. Wewe una kijiti, wewe ndiye unayesimamisha treni. Au stesheni masta hawezi kuisimamisha treni kwa wakati?"

Nilimgusa panapouma. Alitia kizuizi mfukoni, akavuta pumzi, akasema hajawahi kupitisha treni stesheni hata moja.

Reli za binti zikafika. Siku ya kuzindua dada aliacha cherehani, akavaa kilemba kizuri, akasimama ukumbini karibu na mlango pamoja na kapu lake la mabaki ya vitambaa, maana alisema hawezi kukaa mikono mitupu kwa ajili ya treni isiyobeba mtu. Masta alivaa kofia yake ya kazi. Mimi nilipewa bendera ya kijani na filimbi. Nikapuliza. Masta akashika kijiti mkono mmoja, kitufe mkono wa pili, na treni ikaondoka stesheni.

Jamani, ilipendeza. Ilipita chini ya dirisha, vivuli vya nguo kwenye kamba vikawa vinatembea juu ya mabehewa. Ikapita kona pana bila kutoa matako. Ikapita juu ya mto wangu ninapolazia kichwa. Masta aliivua kofia. Machoni mwake sikutaka kutazama sana, mtu na stesheni yake. Na hapo ndipo penyewe: mtu aliyevua kofia kwa mkono ulioshika kijiti, mkono wa pili akaupeleka usoni kujifuta, kitufe hakina mwenyewe. Nami niliyekuwa mwisho wa reli na bendera nilikuwa natazama treni ikija, nasema moyoni, njoo, njoo, badala ya kuishusha bendera.

Ikaja. Ikampita ng'ombe. Ikafika pale njia bado inaendelea, ikaendelea.

Kichwa cha treni na mabehewa mawili yaliingia kwenye kapu la dada. Mengine mawili yakabaki yananing'inia ubaoni, magurudumu yanazunguka.

Dada akaingiza mkono kapuni, akatoa kichwa cha treni kimefungwa na utepe wa pindo la gauni la mteja, akakigeuza huku na huku. Hakikuvunjika, ndoano ya kufungia behewa tu ndiyo iliyopinda.

"Abiria wote wamefika salama," alitangaza kwa sauti ya puani, ya mumewe kabisa. "Mizigo yao wataikuta kwenye pindo."

Nilicheka mimi, akacheka yeye. Masta hakucheka. Alizima transfoma, akatundika kijiti, akatundika kofia. "Reli inayoishia hewani si reli," alisema, akatoka.

Kesho yake nilirudi kutoka dukani na skrubu, nikamkuta chumbani kwangu. Ameinua godoro upande mmoja kwa bega, ana tepu mkononi, anapima upana wa kitanda.

"Kuna nini, shemeji?"

"Hakuna. Napima tu."

"Unapima kitanda?"

"Kila kitu kina kipimo chake," alisema, akaachia tepu ikarudi ndani kwa mlio, akaondoka.

Jioni, dada akaniuliza, kama mtu anayeuliza habari za mvua, hivi lile godoro la chumba cha nyuma ni zito sana kulibeba mtu mmoja?

Na usiku huo kitanda kikabonyea. Nilipojilaza, ubavu ukazama mahali palipokuwa pagumu jana. Nikapapasa chini ya godoro: chaga moja haipo. Kitanda kina chaga zake, zile mbao za kulalia godoro, nilizijua zote kwa mgongo, na moja ilikuwa imetoka. Nikaelewa. Meza inarudi. Mwisho wangu wa reli umeharibu mambo, sasa Masta anataka meza yake pana, na kitanda kimeanza kuondoka kabla yangu, kipande kwa kipande, kwa adabu, ili nisione haya.

Mtu mwingine angekwenda kuuliza. Mimi kulipokucha nilikwenda gereji. Pale nilimkuta dereva wa lori ninayemfahamu siku nyingi, mtu mnene wa kicheko kinene, yuko chini ya lori lake miguu nje. Akasema anaondoka kesho yake asubuhi, nafasi ipo, kiti cha mbele, na sipakii mizigo kwa kuwa yeye anamheshimu mzee. Sikumwuliza hata anaelekea wapi.

Wakati wa kula nikatangaza. "Nimepata lori zuri. Kesho asubuhi."

Kijiko cha dada kilisimama katikati ya njia. Kisha kikaendelea. "Haya kaka. Msalimie dereva."

"Asubuhi saa ngapi?" Masta akauliza.

"Mapema. Atapiga honi nje."

"Sawa," alisema. "Nitaiweka kwenye ratiba."

Basi tu. Kwenye ratiba!

Asubuhi nilijiandaa taratibu kuliko kawaida yangu. Nilikunja blanketi, nikalikunjua, nikalikunja upya. Nikaweka shati juu, nikaliweka chini. Nilikuwa nimeupa mlango mgongo, nikasikia nyuma yangu kitu kimeingia mahali pake, tak, halafu upande wa pili, tak. Nikageuka.

Mlango ulikuwa wazi, na katikati yake, kimo cha kifua, umelala ubao, kutoka stesheni ya Masta mpaka kwa ng'ombe wangu. Juu yake reli. Kando yake kingo ndogo za njiti za kibiriti, kama daraja. Niliujua ubao ule. Una jicho la mti pembeni na alama ya kuungua niliyoiweka mimi kwa mshumaa nilipokuwa natafuta viatu chini ya kitanda.

"Chaga yangu!" nikasema.

"Ilikuwa imezidi upana wa mlango kwa kidole," Masta alisema kutoka ng'ambo ya daraja, kofia kichwani. "Nimeikata. Kipimo safi kabisa. Hukuniamini nilipokwambia napima tu."

Kabla sijajibu, kichwa chekundu cha treni kilitokea upande wa ng'ombe, kikapita mlangoni mbele ya kifua changu na mabehewa yake manne, kikaingia stesheni, kikapita, kikaenda dirishani, kitandani, kikarudi. Hakikuishia popote. Nje honi ya lori ikalia.

Nilichukua begi. Nikasimama mlangoni, treni inapita.

"Shemeji, ondoa daraja nipite."

"Njia haiko wazi. Treni inapita."

"Ikishapita?"

"Itakuja nyingine."

"Si ni ileile!"

"Wewe ndiye unayesema. Kwenye ratiba ni nyingine."

"Basi nipe kijiti."

Masta akatazama msumari. Msumari ulikuwa mtupu. Wote tukamtazama dada, aliyekuwa amesimama nyuma ya mumewe, mikono ndani ya aproni yake ya kushonea, na mfukoni mwa aproni kitu kirefu chekundu kimetokeza.

Dereva, alipochoka kupiga honi, aliingia ndani. Akafika ukumbini, akaona treni, akasahau alichojia. "Ebwana," alisema, akainama mpaka tumbo likagusa magoti, jicho sawa na reli. Treni ikampita usoni. "Inapiga na honi?"

"Haipigi," Masta alisema. "Tunatumia filimbi."

"Dereva," nikasema, "twende."

"Si uiname upite chini, mzee? Daraja liko juu."

Wakanitazama wote watatu. Ni kweli, lilikuwa juu. Mtoto angepita mbio. Nilishusha begi, nikatazama daraja, nikatazama sakafu.

"Goti," nikasema.

"Goti limerudi?" dada akauliza.

"Limerudi."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Dereva akakohoa kicheko. Dada hakucheka. Alikitoa kijiti mfukoni, akanisogezea juu ya daraja, na Masta akaizima treni bila kuambiwa, ikasimama stesheni, pale penye benchi lililoungua pembe.

"Kaka," dada alisema, "tangu uje, kila nikitaka kukwambia jambo wewe unaniletea habari za malori. Masta kila akitaka kukwambia jambo, wewe unamletea ng'ombe. Sasa mimi naongea na wewe kwa lugha ya wenye reli, labda hiyo unaisikia. Kijiti hiki hapa. Ukikichukua, njia ni yako, daraja tunalitoa, msalimie dereva. Unakitaka au hukitaki?"

Kilikuwa mbele yangu, chekundu, rangi imeganda matone chini. Mkono wangu umezoea kupokea vitu kama hivyo. Ulimi ukaanza na yake ya zamani, nikausikia unasema, "Wiki ijayo nikipata..." Nikaukata.

"Sikitaki," nikasema.

"Sema vizuri, stesheni ina kelele."

"Sikitaki, mdogo wangu. Nataka kukaa hapa. Moja kwa moja."

"Ulikuwa unangoja nini kusema?" alisema, akakirudisha kijiti mfukoni haraka, kana kwamba ningebadili mawazo. Akajifuta pua kwa futi ya kupimia iliyokuwa shingoni. "Miezi yote hii mtu ananisemesha malori."

Dereva alibaki kidogo. Alipewa chai na kijiti, akazungusha kitufe mwenyewe, akaipeleka treni kwa mwendo wa kuogopesha mpaka Masta akamnyang'anya leseni. Alipoondoka alipiga honi mtaa mzima, akanipungia mkono kama vile mimi ndiye niliyebaki garini na yeye ndiye aliyeshuka.

Mimi bado nilikuwa ndani, begi mguuni. Sikujua niliweke wapi. Chini ya kitanda pameshachoka nalo. Nikapanda kitandani, nikatoa shati na nguo nyingine zilizokuwa ndani ya begi, nikalisimamisha ubaoni, kwenye ile kona tupu, juu ya reli. Lilikaa vizuri, limejikunja mgongo. Dada akaniangalia kutoka mlangoni. Akainama akapita chini ya daraja, akachukua kile kitambaa cha kijani cha sare, akalifunika begi, akabonyeza hapa, akavuta pale, akachomeka pini.

"Hapo sasa kuna kitu cha kuushika," alisema.

"Nchi ile ni tambarare," Masta alilalamika, lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

"Na tundu la treni?" nikauliza.

"Nitatoboa mifuko miwili ya pembeni. Utalihitaji begi?"

"Sijui. Siku moja pengine."

"Siku hiyo utamwomba Masta njia, na mimi utaniomba mlima." Akatoa pini nyingine mdomoni. "Tutaona nani atakusumbua zaidi."

Masta alikuwa ameshatoa kile kizuizi chake cha mistari mfukoni, anakitafutia mahali pa kukaa sasa ambapo reli haina mwisho. Akakiweka karibu na ng'ombe, kama kiti.

"Shemeji," nikamwambia, "mambo yote sawa. Lakini chaga yangu ndiyo imekuwa daraja. Usiku nalala wapi?"

Hakugeuka. Alikuwa amelaza shavu kwenye ubao, jicho moja amelifumba.

"Lala upande wa ukutani," alisema.